Vikombe Vinane

Mtoto wa pwani hujifunza majina manne kabla hajajua maana yake: kopa, uru, shupaza na pau. Kwetu Tanga niliyasikia barazani, wajomba wakicheza karata baada ya swala ya alasiri. Sikuwahi kujiuliza kwa nini kopa iitwe kopa ilhali picha yake ni moyo. Jibu lilinisubiri Leeds, Uingereza, ambako nasoma shahada ya uzamili ya isimu.

Dada ninayeishi naye nyumba moja anatoka Porto. Ana karata za taroti alizoachiwa na shangazi yake, na jioni moja alinipangia mezani aina zake nne huku akizitaja kwa Kireno: copas, ouros, espadas, paus. Vikombe, sarafu za dhahabu, panga, magongo. Nilicheka kwa sauti. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakang'olewa Mombasa mwaka 1698, na katika walivyotuachia yamo majina haya. Wao wenyewe wanayatumia mpaka leo, hata kwa karata za kawaida zenye moyo badala ya kikombe. Wajomba zangu wamekuwa wakitupa vikombe barazani miaka yote hiyo.

Hata hivyo nilizishika kwa mashaka. Nimelelewa kwamba kupiga ramli ni haramu, na nimelelewa vilevile katika mji ambao watu huenda kupigiwa ramli wakishaaga kwamba wanakwenda sokoni. Mpiga ramli huchora nukta mchangani bila kuzihesabu, kisha huzitazama kama ni witiri au shufwa. Kila umbo lina mistari minne, kila mstari nukta moja au mbili, ndiyo maana maumbo yote ni 16. Baada ya hapo mteja huambiwa: aliyekuibia ni fulani, safari ahirisha, chinja kuku wa rangi hii. Mteja hunyamaza, mchanga ukasema.

Taroti haikuanza hivyo. Ilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, ikiwa mchezo wa kawaida kama wa wajomba zangu. Karata ni 78: 56 za aina nne, na 22 za picha kubwa kama Mjinga, Mnara na Kifo. Mwaka 1781 Mfaransa Antoine Court de Gébelin aliandika kwamba zimebeba hekima ya siri ya Misri ya kale. Wakati huo hakukuwa na mtu Ulaya aliyeweza kusoma maandishi ya Misri, kwa hiyo hakukuwa na wa kumbishia. Kuanzia hapo mchezo ukawa uaguzi.

Mwenzangu hatumii karata zake kuagua. Hutoa moja, huiweka kati yetu, na huuliza swali moja tu: unaona nini? Zake ni zile zilizochapishwa London mwaka 1909, zilizochorwa na Pamela Colman Smith, mwanamke aliyeishi sehemu ya utoto wake Jamaika. Katika pakiti nyingi za kabla yake, vikombe vitano vilikuwa vikombe vitano tu vilivyopangwa. Yeye alichora watu wakifanya jambo, bila kusema ni kwa sababu gani. Sababu huitia anayetazama.

Mwezi Februari nilikuwa na jambo langu. Msimamizi wangu alikuwa amenitafutia nafasi ya uzamivu, miaka mitatu na ufadhili kamili, na nilitakiwa kujibu kabla ya mwisho wa Machi. Nyumbani baba alikuwa amepata kiharusi tangu Oktoba. Kila nilipopiga simu mama aliniambia, "Soma mwanangu, huku hatujambo," na kila mara nilijibu alhamdulillahi tukakata. Nilikuwa nimeswali istikhara mara mbili. Kuomba sikushindwa, nilishindwa kujua hasa naomba nini.

Karata iliyotoka usiku huo ni vikombe vinane. Mtu mwenye joho jekundu na fimbo mkononi amevipa kisogo vikombe vyake, anapanda kuelekea milimani, mwezi ukimtazama.

"Anaondoka kwao," alisema mwenzangu.

"Hapana," nilisema, "anarudi kwao."

Tulitazamana. Picha ni ileile. Yeye aliondoka Porto akiwa na miaka 18 na hataki kurudi. Mimi sikuwa nimemtamkia mtu yeyote neno "kurudi", hata nafsi yangu. Kisha akaniuliza vikombe vimepangwaje. Vitano chini, vitatu juu, na katikati ya vile vya juu pana pengo, kama kimoja kimetolewa. "Humo kulikuwa na nini?" Nilijibu papo hapo: sauti ya baba. Nilikuwa sijaisikia kwa miezi minne, na sikuwa nimeuliza kwa nini.

Karata haikujua lolote kuhusu baba. Ni karatasi. Ningeweza kutoa nyingine nikaliona pengo hilohilo, kwa sababu nilikuwa nalo nilipoketi. Tofauti yake na ramli kwangu ni moja: pale mchanga husema, mimi nanyamaza, hapa karatasi hunyamaza, na kuna mtu ananingoja niseme.

Asubuhi nilimpigia mama. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, huku hatujambo." Nikamuuliza, "Mama, baba anaongea?"

Alikaa kimya, kisha akaniambia. Jina la mtu halimtoki baba, maji hawezi kuyaomba, lakini ukimwanzishia Alhamdu anaisoma mpaka mwisho bila kukosea. Mama alidhani ni muujiza, akaogopa kuutaja usije ukakatika. Nimesoma darasani kwamba maneno yaliyozoeleka kwa kurudiwarudiwa huweza kubaki hata lugha nyingine ikipotea. Nilimweleza hivyo, taratibu, na nikamwambia kwamba wapo wataalamu wa kumsaidia mtu kutoka hapo alipo. Mama alilia. Mimi pia.

Wiki hiyo nilimwandikia msimamizi kuomba nianze mwaka mmoja baadaye. Bado nangoja jibu, ila tiketi ya Julai nimeshakata. Siku hizi mama humwekea baba simu sikioni kila Ijumaa. Mimi huanza Alhamdu, yeye huimalizia, na baada ya hapo hatukati simu upesi.