Kolwezi Bila Vichuguu: Juu ya Filimu Moja ya Mwaka wa 1980

Mama yangu alitazama filimu ile dakika kumi hivi, akavua miwani, akasema: «Iyi hapana Kolwezi. Bichuguu biko wapi?»

Dividi niliinunua sokoni. Ilikuwa nakala ya nakala, bila karatasi, jina limeandikwa kwa bic: La Légion saute sur Kolwezi. Ni filimu ya Wafaransa, ilitoka mwaka wa 1980, nayo inaeleza vita ya siku sita, ile ya mwezi wa tano 1978. Nilitaka mama aione kwani yeye alikuwamo. Na mimi pia nilikuwamo, kwa namna yangu: nilizaliwa mwezi wa nane wa mwaka uleule, vita yote nikaipita tumboni. Sasa nimepita miaka 45, na mpaka siku ile ya dividi mama hakuwa amenieleza hata nusu yake.

Mwenye kukaa kwetu anajua alichokuwa anatafuta. Hapa kichuguu kinaweza kupita nyumba kwa urefu, na watu wanachimba udongo wake kwa kufanya matofali. Mwezi wa tano mvua imekwisha, majani yanaanza kuwa manjano, asubuhi kuna baridi, na mavumbi mekundu yanaanza kukaa juu ya kila kitu. Kule kwenye filimu ni kijani tupu, miti ya msitu wa mvua, watu wanatoka jasho sawa wako Mbandaka. Sababu ni nyepesi: filimu haikupigwa hapa. Ilipigwa Guyana ya Wafaransa, Amerika ya Kusini, ng'ambo ya bahari. Mimi mwenye diploma ya ISP nilipata habari hiyo kwa kusoma. Mama aliijua kwa kichuguu.

Aliyeipiga ni Raoul Coutard, na huyu si mtu mdogo. Ndiye aliyeshika kamera kwa Godard katika À bout de souffle mwaka wa 1960, na kwa Truffaut katika Jules et Jim mwaka wa 1962. Mbele ya hapo alikuwa mpiga picha katika vita ya Indochina, kwa hiyo askari alikuwa anawajua. Kati ya wachezaji wake kuna Jacques Perrin, Mimsy Farmer, Giuliano Gemma, na Bruno Cremer, yule tuliyekuja kumzoea baadaye kwenye televizyo kama komisere Maigret. Wapenzi wa sinema wanaomsifu Coutard juu ya kazi yake na Godard, filimu hii wanaipita kimya. Sisi wenye muji pia tunaipita kimya, na vijana wengi hawajui hata kama iko. Mimi nasema itazamwe.

Kwa wasomaji ambao hawakuzaliwa, nikumbushe kifupi. Tarehe 13 mwezi wa tano 1978, wapiganaji wa FNLC wa Nathaniel Mbumba, wale walioitwa «Tigres», walitoka Angola, wakapita Zambia, wakashika Kolwezi. Wengi walikuwa jandarma wa zamani wa Katanga na watoto wao. Mwaka uliotangulia walikuwa wamekwisha kujaribu, katika vita ya siku 80. Tarehe 19 askari wa kikosi cha 2e REP, waliotoka Calvi katika kisiwa cha Corse, waliruka kwa parashuti juu ya muji. Kesho yake Wabelgiji wakafika. Wazungu waliokufa walipita 100. Waafrika walikufa mamia, na hesabu yao haijapatana mpaka leo.

Filimu inafuata Wazungu walioshikwa, ubalozi wa Ufaransa kule Kinshasa, na askari wa Legion. Imepigwa karibu sawa habari za televizyo, bila mapambo mengi, na hiyo naipenda. Lakini simu za ubalozi zinachosha. Na mtu mweusi wa Kolwezi, fundi wa Gécamines, mama wa soko, mwanafunzi, filimu haijui jina lake.

Si filimu hii peke yake iliyotupiga mbali na kwetu. Mwaka wa 1968 Mwingereza Jack Cardiff alitoa filimu ambayo kwa Kifaransa inaitwa Le dernier train du Katanga: ile treni ilitembea Jamaika. Mwaka wa 2000 Raoul Peck, Muhaiti aliyekulia kwa sehemu Kinshasa, alitoa Lumumba, filimu nzuri kabisa, na mauaji ya 1961 hapa Katanga yamo. Lakini vita ilikuwa katika inchi yetu, akapiga Zimbabwe na Msumbiji. Mwaka wa 2016 ikatoka The Siege of Jadotville. Jadotville ndiyo Likasi yetu, mwendo wa saa chache kutoka hapa, nayo ikapigwa Afrika ya Kusini. Mtu angeweza kufanya safari ya dunia akitembelea Katanga zote za sinema bila kukanyaga Katanga.

Turudi kwa mama. Baada ya neno lile la vichuguu nilifikiri atalala. Hakulala. Alianza kusahihisha. «Hapana, ile saa batu habakuwa mu barabara. Kila mutu alikuwa mu nyumba yake, kimya.» Mara nyingine: «Beko banakunywa mayi! Siye mayi ilikatika tangu siku ya kwanza.» Akaeleza namna walivyopika bukari usiku kwa makala kidogo, dirisha limefungwa na blangeti ili moto usionekane, na namna baba alivyoficha karatasi yake ya kazi ndani ya mfuko wa unga, akaitoa, akaificha tena, kwani hakujua ni nani atakayeiomba wala atafurahi ao atakasirika. Mambo hayo nilikuwa sijayasikia hata siku moja. Kila kosa la filimu lilimtoa neno.

Halafu parashuti zikaanza kuanguka. Mama akanyamaza, akavaa miwani tena. «Apa sasa njo yenyewe,» akasema. «Njo vile tulibiona. Sawa majani ya muti inapukutika.» Akaomba nirudishe nyuma. Nikarudisha mara tatu. Watoto walitoka inje kuhesabu, baba akawarudisha kwa fimbo, wazee wengine walilia wakifikiri muji unakwisha sasa. Na baada ya parashuti, pale ambapo filimu inaelekea mwisho na watu wa inje wanapumua, mama aliendelea peke yake. Akataja jirani wa mlango wa tatu, mtu wa kuchonga viti, ambaye «Tigres» walipita karibu naye bila kumgusa. Alichukuliwa nyuma ya vita, saa ambapo redio ilikuwa imekwisha kusema muji uko salama. Alisikilika anaongea lugha ya wale watu, ndiyo kosa. Hakurudi. Mama hakusema ni nani waliomchukua, na mimi sikuuliza. Dividi ilikuwa imekwisha zamani, ekra iko nyeusi, sisi tumekaa.

Ni kwa sababu hiyo nilipeleka filimu kalasi, kwa wanafunzi wa mwaka wa tano wa sekondari. Tuliazima projektere, tukafunga madirisha kwa makarton. Walicheka pale nisipotazamia, wakachoka kwenye simu za balozi sawa mimi. Mwishoni msichana mmoja akauliza: «Mwalimu, na siye tuko wapi mu filme?» Sikuwa na jibu zuri. Nikawapa kazi ya nyumbani: kila mmoja aende kwa kambo, ao kwa mzee yeyote wa mtaa, amweleze filimu, aandike namna mzee anavyoisahihisha. Sikusema «mwulize habari za vita», maana ukiuliza hivyo kwetu unajibiwa «vita ni vita», basi.

Walirudi na kurasa 41. Nyingine zilikuwa mistari miwili. Kambo mmoja alisema kitu kimoja tu: redio waliifunika na blangeti, wakasikiliza wakiwa chini ya kitanda. Mwingine alijaza daftari nzima juu ya njia ya miguu, siku mbili porini, na mtoto mgongoni.

Kuna filimu nyingine ambazo udongo wake ni wa kwetu kweli, nazo pia tumezisahau. Wabelgiji walipiga nyingi wakati wa ukoloni. Mwaka wa 2010 sinemateki yao ya Brussels ilitoa dividi za kazi za Ernest Genval, André Cauvin na Gérard De Boe. Zinasifu kazi ya mkoloni, hilo halifichiki, na wakati huohuo sheria yao ilikataza mweusi kutazama filimu yoyote isiyokubaliwa kwanza kwa ajili yake. Lakini nyuma ya maneno ya msifu kuna nyuso, na nyuso hazikuandikiwa maneno ya kusema. Karibu zaidi na sisi kuna Katanga Business ya Thierry Michel, ya mwaka wa 2009. Ilipotoka tuliitazama kwa ajili ya wakubwa na ugomvi wao juu ya shaba. Leo naitazama kwa ajili ya wachimbaji wa mkono na barabara zilivyokuwa. Kasulo, kwa mfano, ilikuwa bado mtaa wa watu kulala tu. Kobalti ilivumbuliwa chini ya nyumba mwaka wa 2014, na miaka mitatu baadaye sehemu yake ilizungushiwa ukuta, wenye nyumba wakahamishwa.

Kazi ile ya kalasi haikupita bila neno. Mzazi mmoja alikuja shuleni, mtu wa heshima, akanisalimia vizuri, akaomba ukurasa wa mtoto wake. Baba yake yeye alikuwa amesema mambo ambayo nyumbani hawakuwa wameyasikia, juu ya nani alionyesha njia kwa nani. «Mwalimu, sikatai,» akasema. «Lakini bale batu, batoto yabo tunakaa nabo mutaa moja.» Nilimpa. Aliukunja mara ine, akautia mfukoni mwa shati. Zimebaki kurasa 40, na nakala yake nimeiacha katika kabati ya chama chetu, pamoja na dividi.

Mama nilimsomea zote, jioni mbili. Alipenda ule wa redio. Mwishoni akauliza: «Na ule jirani wa biti, mulimuandika?» Nikamwambia ndiyo, nimeongeza ukurasa mwenyewe, lakini bila jina, juu ya heshima.

«Andika jina,» akasema.

Nimeliandika katika daftari. Hapa siliweki.