Peni Moja ya Njia ya Alexandra

Atokaye katikati ya jiji la Johannesburg, Afrika ya Kusini, na kushika barabara ya Louis Botha huacha nyuma maghorofa ya Hillbrow, akapita maduka ya Orange Grove, na baada ya kilomita kama 15 akafika Alexandra. Mtaa huu ulianzishwa mwaka 1912. Kwa kuwa uliitangulia Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913, Waafrika waliweza kumiliki viwanja humo. Lakini kazi zao zilikuwa mjini, na wengi walifika kazini kwa basi.

Agosti 1943 wenye mabasi walipandisha nauli kutoka peni 4 hadi 5. Wananchi wakaenda kwa miguu siku tisa, na nauli ikarudi. Miongoni mwa walioandamana alikuwamo kijana Nelson Mandela. Mwaka 1944 mambo yakajirudia. Safari hii watu walitembea wiki saba. Mwaka 1945 ikaundwa kampuni ya PUTCO, nayo ikayachukua mabasi ya Alexandra.

Kampuni hiyo ilihudumia pia vitongoji vya Pretoria, jiji jirani lililo umbali wa kilomita kama 55. Kwa hiyo nauli ilipopandishwa tena Januari 1957, mgomo ulizuka katika miji yote miwili. Neno lilikuwa moja: "Azikhwelwa!", yaani, "Hayapandwi!"

Peni moja ni kitu gani? Kwenda na kurudi ni peni 2. Kwa siku 6 za kazi ni peni 12, yaani shilingi nzima kila wiki. Kwa mtu ambaye ujira wake haukutosha chakula, hiyo ilikuwa posho ya watoto.

Basi watu waliondoka kabla ya mapambazuko, wakarudi usiku. Polisi wa Makaburu waliwasimamisha kudai vitambulisho, wakatoa upepo magurudumu ya baiskeli, na kuwasumbua wenye magari waliowapakia. Mabasi yalipita matupu. Baada ya miezi kama mitatu, ilikubaliwa abiria waendelee kulipa peni 4, na peni ya 5 ifidiwe. Mwaka huohuo sheria ikawatwika waajiri mzigo huo.

Sisi tulio katika utumishi wa dola tusilisahau somo hili: nauli ya mnyonge hutoka katika chungu chake. Anayeipandisha na atazame kwanza ndani ya chungu hicho.