Kiuno Kilichopungua



Mdogo wetu anasomea ubingwa wa magonjwa ya ndani. Mtihani ulipokaribia alihamia dukani kwetu na makaratasi yake. Sisi tunashona huku tunamuuliza, yeye anajibu.

"Kisukari?"

"Sukari kabla ya kula chochote asubuhi, milimoli 7.0 kwa lita au zaidi. Kiu, haja ndogo kila mara, kukonda na huku unakula."

Tukatazamana. Gauni la bi harusi wetu mmoja tumelipunguza kiuno mara tatu ndani ya mwezi. Kila akija kupima, chupa ya maji mkononi, na choo lazima aombe. Sisi kazi yetu kumsifu: mashaallah, umependeza!

Usiku ule ule tulimpigia simu, tukamwomba taratibu akapime. Kweli, kisukari. Alhamdulillah, alianza insulini mapema na ndoa ikafungwa. Gauni tulilifumua kiuno, tukalitanua tena. Tunasimulia kwa idhini yake.

Mdogo wetu bado anasubiri majibu ya mtihani; mwombeeni dua.

Mabibi harusi, kukonda bila kujinyima chakula si urembo. Mwili ni amana. Kapimeni.