Harufu ya Mbata, Mtaa wa Wahindi

Mpwa wangu alikanyaga kifusi pale Mtaa wa Wahindi, hapa kwetu Pangani, akaniuliza, "Mjomba, hili lilikuwa ghala la nani?" Nilishikwa na hasira, si kwake. Nani alimsimulia kwamba lilikuwa duka la Bohora?

Kabla hujafika barazani, harufu ilishakupokea: mbata kwenye magunia, kamba mpya za mkonge, mafuta ya taa, na ubani uliofukizwa alfajiri. Mzee mwenyewe alikaa nyuma ya mizani, miwani imeshuka puani. Mtoto aliyetumwa sukari aliongezewa kipande cha sukari guru. Mkwezi alileta nazi, akaondoka na khanga za mkewe. Mvuvi aliyerudi mikono mitupu alikopeshwa unga. Waliovuka mto kutoka Bweni waliacha mizigo yao pale kwenye baraza la mawe hadi jioni, na hakuna aliyewahi kuulizia kitu chake asikipate.

Mzee alidai nyumba imemtangulia Mjerumani. Nimelinganisha tarehe: Boma la mji hutajwa kuwa la 1810, nyumba hizi za maduka nyingi ni za baadaye. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Mengine hadi yatangazwe. Tarehe tuziache. Kuta zilikuwa za matumbawe na chokaa, dari la boriti za mikoko, na zilistahimili chumvi ya pwani vizazi kadhaa.

Kisha mkonge ukaangushwa na kamba za plastiki, mzee akafariki, wanawe wakahamia Dar es Salaam. Paa likavuja. Mpangaji akapiga lipu ya saruji. Chokaa huacha ukuta upumue. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, na jiwe huliwa polepole.

Siku hizi wageni wa hoteli za ufukwe wa Ushongo huletwa, wanapiga picha milango, wanakunywa dafu, wanarudi. Mji unabaki na vifuu. Daraja linajengwa, na lami inakuja. Watapita wengi zaidi. Nyumba zilizobaki zikifanyiwa ukarabati, chini duka, juu vyumba vya kulala wageni, pesa ya mgeni italala hapa, kwa mwashi, seremala na mama wa vitumbua.

Mpwa wangu amesomea uashi. Chuoni hakufundishwa chokaa. Wazee wanaojua kuizima na kuichanganya wapo ng'ambo, Bweni, na bado wana nguvu za kufundisha.