Supu ya Wachukuzi wa Paris

Mgeni akiulizia leo soko kuu la Paris lililoitwa Les Halles, ataonyeshwa bustani, maduka ya nguo na kituo cha treni chini ya ardhi. Soko lenyewe lilihamishiwa Rungis, kusini ya mji, mwaka 1969. Na majumba yake ya chuma, kazi ya mjenzi Victor Baltard, yalianza kubomolewa mwaka 1971. Lakini migahawa midogo iliyolizunguka, ambayo Wafaransa huiita bistro, mingine ingali pale. Nasi tukaingia katika mmoja wao, tupate kuonja chakula cha wachukuzi.

Ndiyo, wachukuzi! Tangu karne ya 12 mahali hapo paliulisha mji wote. Nyama, samaki na mboga zilifika usiku, na kabla ya mapambazuko mizigo ilikuwa imekwisha kushushwa. Aliyetaka kuandikwa katika chama cha wachukuzi wa soko alijaribiwa kwa kubeba kilo 200. Mtu wa namna hiyo hashibi kwa kikombe cha kahawa.

Basi alipikiwa supu ya vitunguu. Vitunguu hukatwa vyembamba, hukaangwa polepole katika siagi hata vigeuke rangi, kisha hutiwa mchuzi wa nyama. Juu huwekwa mkate mkavu na jibini nyingi, na bakuli huingizwa katika tanuri mpaka jibini ifanye ukoko. Ndugu msomaji, usiwe na haraka: chini ya ukoko ule supu ingali inachemka, nasi ulimi wetu ni shahidi. Baadaye tuliletewa mguu wa nguruwe uliochomwa. Tuliula kwa vidole, na majirani zetu wenye tai shingoni walifanya vivyo hivyo.

Karibu na hapo uko mgahawa Au Pied de Cochon, uliofunguliwa mwaka 1947 na kusifiwa kwa kutofunga mlango usiku wala mchana. Zamani zile matajiri waliotoka katika michezo ya kuigiza na dansi walikuja alfajiri kula supu ile ile, bega kwa bega na wachinjaji wenye nguo za damu. Siku hizi wenye tai wamebaki, na watalii wameongezeka. Mchukuzi hayupo, na bei ya bakuli si yake tena. Jambo hilo lilitupunguzia utamu wa chakula.

Hatua chache kutoka mezani petu lilisimama kanisa la Saint-Eustache. Ndani yake imo sanamu ya rangi, kazi ya Raymond Mason, inayoonyesha wauza mboga na matunda wakiliacha soko tarehe 28 Februari 1969, na mizigo yao mikononi. Nje, tangu mwaka 1984, watu wa kujitolea hugawa supu jioni za majira ya baridi kwa wasio na makao. Tulipotoka, safu ilikuwa imekwisha kupangwa ukutani, wazee kwa vijana, na mvuke wa masufuria ulipanda gizani.