Jua la Quartzsite

Watu huenda Quartzsite kulifuata jua. Mji wenyewe ni mdogo, uko magharibi mwa jimbo la Arizona nchini Marekani, si mbali na mto Colorado. Lakini ikifika miezi ya baridi, jangwa linaouzunguka hujaa magari yaliyo nyumba, yenye kitanda, jiko na choo ndani yake. Wengi wa wenyewe ni wazee wastaafu waliokimbia theluji ya kaskazini. Katika ardhi ya serikali iitwayo La Posa hamna nguzo za umeme, basi kila mtu hujitafutia wake.

Tulifika huko Januari, wageni wa ndugu yetu mmoja mzaliwa wa Mombasa, aliyefuatana na mkewe na mkwewe. Mzee huyo hulala na mashine ya kumsaidia kupumua, nayo hutumia betri ya gari usiku kucha. Jenereta huzimwa usiku ili majirani walale. Asubuhi ya pili betri ilisoma volti 11.9. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma kama 12.7, ishukapo hadi hapo imekwisha kupita nusu, na kuizoesha hali hiyo ni kuifupishia umri.

Paneli ya kukunja ilikuwapo, imechomekwa kwenye tundu la ubavuni mwa gari tangu jana, na haikuingiza kitu. Jirani mmoja, Mmarekani mwenye ndevu nyeupe, alikuja na mita yake. Akapima ncha za waya upande wa ndani, mita ikaonyesha volti 22 zenye alama ya kutoa mbele yake. Chanya na hasi zilikuwa zimepishana: tundu la gari lilifungwa kinyume cha plagi ya paneli. Kidhibiti chaji kilijilinda kwa kukataa. Lau paneli ingeunganishwa na betri moja kwa moja, madhara yangekuwa makubwa. Na hata ncha zikiwa sawa, hizo volti 22 pasipo kidhibiti huichemsha betri mpaka ikaharibika.

Kiungo kidogo cha kugeuza ncha kilimaliza tatizo. Lakini yule jirani hakuridhika mpaka ameupitia mpango wote, nasi tukamshukuru kwa hilo kuliko kwa kiungo. Betri huunganishwa na kidhibiti kwanza, kisha paneli, kwa kuwa kidhibiti chataka kuitambua betri kabla ya kupokea umeme. Wakati wa kufungua, paneli hutangulia kutoka. Fyuzi hukaa kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Waya ukiwa mrefu sharti uwe mnene, la sivyo volti hupotea njiani. Na paneli yenye kidhibiti chake mgongoni haiongezewi cha pili.

Kisha akaiinua paneli ikasimama wima kuliko tulivyozoea. Kwetu pwani jua hupita karibu na utosi, fundi huilaza paneli juu ya bati na kazi ikaenda. Huko, mchana wa Januari, jua liko chini upande wa kusini, na paneli iliyolala hupata sehemu tu ya haki yake. Ikawa paneli inatazama kusini, nasi kwenye swala twatazama kaskazini-mashariki, maana ndiko kibla kiliko kutoka Arizona.

Baada ya adhuhuri tulizuru kaburi la Haji Ali, mzaliwa wa dola ya Uthmani, aliyeletwa Marekani mwaka 1856 kuwachunga ngamia wa jeshi. Wenyeji walishindwa kulitamka jina lake, wakamwita Hi Jolly. Alifariki mwaka 1902. Juu ya kaburi pamejengwa piramidi ya mawe yenye ngamia wa shaba kileleni. Tulimwombea rehema.

Tuliporudi alasiri kidhibiti kilisoma volti 13.8 na umeme ungali ukiingia. Usiku ule mashine ya mzee haikukatika hadi alfajiri.