Zohali sebuleni, jua kwenye tenga la nyanya

Najua nimepotea, testi zilinibana. Leo nina stori ya nyumbani Mlali, wikiendi iliyopita.

Mdogo wangu yuko darasa la tano, na siku hizi hanyooshi mkono darasani. Aliuliza swali, wenzake wakamcheka, basi tena. Sasa wamefika mfumo wa jua. Nikaazima simu ya mwenzangu wa rumu (yangu haina kihisi cha kujua simu imegeuziwa wapi, programu hizi zinaigomea), nikapakua kwa waifai ya chuo nisile bando, huyoo Mlali.

Jamani, ni raha! Unaelekeza kamera chini, simu inaitambua sakafu, halafu inakuchorea jua na sayari vikielea pale pale sebuleni. Ukitembea, simu inahesabu umesogea vipi, kwa hiyo unaizunguka Zohali na pete zake kama unazunguka meza. Dogo alipiga magoti aichungulie kwa chini. Mimi natoa lekcha, msomi bwana!

Mama alikuwa anachagua nyanya za kupeleka sokoni. Akasogea, akatazama kwenye kioo, akauliza: "Sasa mwanangu, kama jua liko karibu hivi, mbona hatuungui?"

Nikacheka.

"Basi," akasema, "mimi na la saba yangu nisiwaharibie somo." Akarudi kwenye tenga. Dogo akaniangalia, hakusema kitu. Kicheko kile kile cha darasani, mimi ndiye nimekileta nyumbani.

Na mbaya zaidi, mama alikuwa sahihi. Programu ile ilizibana sayari zote zienee sebuleni, ikazikuza ili zionekane. Dogo alikuwa anameza yote kwa sababu kaka kasema.

Nikazima simu. Nikamwambia mama samahani, swali lako ndilo somo lenyewe, hebu nipe nyanya moja. Upana wa jua ni kama dunia 109 zikipangwa mstari. Jua likiwa nyanya ya sentimita 7, dunia ni punje ya mchanga isiyofika hata milimita 1, na inakaa mita 7 na nusu mbali. Nyanya tukaiweka kizingitini, tukaanza kuhesabu hatua, mama naye yumo. Mshtarii, punje ndogo ya hindi, mita 39. Zohali mita 72. Neptuni ilitaka mita 226, huko ni kwa jirani, tukaishia kwenye mfereji.

Dogo akageuka nyuma. Nyanya haionekani kabisa. "Kaka, sasa joto linafikaje huku?"

Kauliza! Nikamwambia mwanga wa jua unasafiri dakika 8 na ushee hadi kwetu, na kadiri unavyokwenda unatawanyika, ndiyo maana hatuungui. Mama akasema, "Kesho muulize na mwalimu." Kama atanyoosha mkono bado sijapata habari.

Wadau, programu hizi zitumieni, kwa kuona pete za Zohali sina la kusema. Ila kwa umbali, tafuta nyanya na uwanja. Simu nimemrudishia mwenyewe, na kilo mbili za nyanya juu.

Haya, kesho nina testi nyingine. Niombeeni!